Sange Si Panya, Bana

Kila Februari 18 simu zetu hujaa picha ya Dedan Kimathi. Leo katika historia: 1957, alinyongwa Kamiti. Sawa kabisa, hata sanamu yake iko hapo tao, Kimathi Street, tangu 2007. Lakini endelea kuskroli uone venye hizo kurasa za "Je, wajua?" hupakua kila kitu kwa sahani moja. Kimathi, halafu neno la Kijapani ati halina tafsiri, halafu yule panya wa kisiwani Australia aliyemalizwa na mabadiliko ya tabianchi. Unaweka emoji ya kulia, unasonga. Na mimi nimefanya hivyo, sijitoi.

Shida yangu si kwamba stori ni ya uwongo. Ni ya kweli, na ni mbaya kuliko inavyosimuliwa. Melomys wa Bramble Cay alikuwa panya mdogo wa kahawia kwenye kisiwa cha kama hekta nne tu, kati ya Australia na Papua New Guinea. Mwaka 1845 mabaharia Wazungu walifika hapo wakawatungua kwa mishale, kujifurahisha tu. Lakini si mishale iliyowamaliza. Bahari ilipanda, maji ya chumvi yakaua mimea waliyokula. Kati ya 2004 na 2014 karibu mimea yote ya kisiwa ilipotea. Mara ya mwisho kuonekana ni 2009. Februari 2019 serikali ya Australia ikatangaza ametoweka.

Sasa sikizeni hii: mpango wa kumwokoa ulikuwa umeandikwa tangu 2008. Nchi tajiri, ina wanasayansi, ina karatasi, na bado wakachelewa. Watafiti walipokwenda kutafuta wa kuzalisha, hakukuwa na hata mmoja. Kwa hivyo ukiniambia "watu hawana unga, wewe unatuletea stori ya panya," nitakuuliza Australia ilikosa unga gani. Wao walikosa haraka. Nani hukimbilia panya?

Na hapo ndipo tunakuja kwetu. Kilifi, karibu na Watamu, kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita 420 za mraba. Umezungukwa na mashamba pande zote, yaani ni kisiwa, tofauti ni kwamba hakina maji kando. Humo anaishi sange mwenye kiuno cha dhahabu. Pua ndefu inayotingishika, miguu myembamba, na nyuma rangi ya njano kama amekalia rangi mbichi. Msitu huo ndio ngome yake kubwa, na duniani huyu mnyama hapatikani nje ya pwani ya Kenya. Yuko kwenye orodha ya walio hatarini. Miti inakatwa, mitego inategwa. Ukimwonyesha mtu wa Nairobi picha yake atakwambia nini? "Ai, hiyo panya iko na mdomo mrefu."

Si panya! Ndugu zake wa damu ni ndovu, pimbi na nguva. Wazungu walimwita jina la ndovu kwa sababu ya pua tu, kumbe baadaye vipimo vya DNA vikaonyesha undugu ni wa kweli. Na siku hizi wanasayansi humwita sengi, neno ambalo Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, alilitoa kwenye lugha zetu za Kibantu. Dunia nzima inatumia neno letu, sisi tunasema panya.

Kiswahili hakikuwa kivivu hivyo. Kuna buku, kuna fuko, kuna ndezi, kuna kuchakulo, kuna kirukanjia, kuna sange. Mtu alikaa akawaangalia mmoja mmoja. Sisi tumewatupa wote kwenye gunia moja, lile la kununulia sumu.

Kwa hivyo nyinyi wa kurasa za "Je, wajua?", wacheni kutuletea mnyama akishakufa. Posti huyu akiwa bado anakimbia. Na wewe mwenye nyanya Kilifi, mpigie leo, umuulize kwao wanamwitaje, halafu uniandikie.