Mstaafu asiachwe mikononi mwa soko la bima

Mtumishi wa umma anapotimiza umri wa miaka 60 hukabidhi ofisi, huagwa kwa hotuba na zawadi, kisha hurudi nyumbani. Vitu viwili humfuata huko: mafao yake na maradhi yake. Mafao yakishaingia benki, wageni huanza kubisha hodi. Yuko anayeuza kiwanja, yuko anayetafuta mbia wa biashara, na siku hizi yuko pia wakala wa bima ya afya ya binafsi, anayemweleza mzee kwamba kadi ya Serikali haifai kitu na kwamba heshima ya mtu mzima ni kutibiwa bila kupanga foleni.

Maneno hayo huwaingia wengi, wala si ajabu. Mstaafu aliyepata kuambiwa dirishani kwamba dawa yake ya shinikizo la damu haipo, akanunue mwenyewe, ana haki ya kunung'unika. Hayo yalizidi Machi, 2024, wakati kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kilipoanza kutumika, na baadhi ya hospitali za binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama wake kwa sababu ya mvutano juu ya bei. Mgonjwa hakuwa mshiriki wa mvutano huo, lakini ndiye aliyerudishwa mlangoni.

Hata hivyo, kunung'unika ni jambo moja na kuitupa kadi ni jambo jingine. Kabla mstaafu hajatia sahihi mkataba mpya, yampasa aelewe bima ya binafsi hufanyaje kazi.

Kampuni ya bima ni biashara. Hukisia hasara kabla ya kupokea mteja, na katika hesabu hiyo mzee ni hasara iliyo karibu. Ndiyo maana kampuni nyingi huweka ukomo wa umri kwa mteja mpya, na zinazompokea mzee humtoza ada kubwa kuliko kijana. Maradhi aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, kama kisukari au ugonjwa wa figo, huweza kuachwa nje ya mkataba, au kutibiwa baada ya muda wa kungoja tu. Matibabu huwekewa kiwango cha juu cha fedha kwa mwaka. Kiwango kikiisha, mgonjwa hujilipia. Na mkataba wenyewe ni wa mwaka mmoja mmoja. Mwaka unaofuata ada yaweza kupandishwa, wakati pensheni imebaki pale pale.

Hakuna hila katika hayo. Ndivyo biashara ya bima ilivyo. Lakini ina maana kwamba mtu hupata bima kwa urahisi akiwa kijana mwenye afya, na huikosa akiwa mzee mgonjwa, yaani wakati anapoihitaji zaidi. Mwalimu aliyestaafia kijijini ana shida nyingine juu ya hiyo. Hospitali nyingi zilizo katika mikataba ya kampuni hizo ziko mijini, naye hutibiwa kwenye zahanati na hospitali ya wilaya. Kadi ya binafsi yaweza kumpa haki ya kutibiwa mahali asipoweza kufika.

Mfuko wa Taifa ulijengwa juu ya msingi tofauti. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake na mwajiri huongeza asilimia 3. Anayepata mshahara mkubwa huchangia zaidi, mwenye afya humsaidia mgonjwa, na aliye kazini humbeba aliyestaafu. Kwa utaratibu huo, mwanachama aliyetimiza masharti ya uchangiaji huendelea kutibiwa baada ya kustaafu, yeye na mwenzi wake, bila kukatwa tena. Hiyo si sadaka. Ni deni ambalo mstaafu alilitanguliza kwa miaka ya kazi.

Deni hilo hulipika iwapo wenye afya wamo ndani. Mwaka 2023 Mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika mpango wa Toto Afya Kadi, ukieleza kwamba wengi waliosajiliwa walikuwa tayari ni wagonjwa. Chombo kinachoingiwa na wagonjwa peke yao hakidumu. Vivyo hivyo, vijana wenye mishahara mizuri wakihamia bima za binafsi na kuwaacha wazee ndani ya Mfuko, wataufilisi kidogo kidogo. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

Nchi hii imepita njia ndefu katika jambo hili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tiba ilitolewa bila malipo. Mwaka 1977 tiba ya binafsi ya kujipatia faida ilipigwa marufuku, na mwaka 1991 ikaruhusiwa tena. Miaka miwili baadaye wananchi walianza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba, 2023. Hakuna anayetaka kurudisha marufuku ya mwaka 1977. Hospitali za binafsi na za mashirika ya dini zinatibu wananchi wengi, na bima ya binafsi ina nafasi yake kama nyongeza, hasa kwa mwenye uwezo anayetaka huduma ya ziada, au mwenye mtegemezi asiyeingia katika kadi yake. Nyongeza haiwezi kushika nafasi ya msingi.

Kwa hiyo wajibu uko pande zote. Serikali na waajiri hawana budi kuwasilisha michango kwa wakati, kuhakikisha dawa za maradhi ya uzeeni zinapatikana wilayani, na kuwaadhibu wanaoghushi madai. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima yafaa izitake kampuni ziandike mikataba kwa Kiswahili kinachosomeka, na zisimwache mteja wa miaka mingi kwa sababu ya umri tu. Vyama vya wafanyakazi, kuanzia CWT hadi TUGHE, vifundishe bima ya afya katika semina za wanaokaribia kustaafu, kama vinavyofundisha habari za mafao.

Naye mstaafu, wakala anapobisha hodi, aulize mambo matano: ukomo wa umri ni upi, ugonjwa alio nao unatibiwa au hapana, kiwango cha mwaka ni shilingi ngapi, ada ya mwaka ujao itapangwaje, na hospitali ya karibu na nyumbani kwake imo katika mkataba au haimo. Asipopata majibu kwa maandishi, asitie sahihi.

Mtu aliyefundisha watoto wa Taifa kwa miaka 35 hastahili kujadiliwa bei uzeeni kama mali iliyochakaa. Mfuko wa umma ukiimarishwa, hatalazimika kumsikiliza wakala kwa hofu.