Injini ya Lita Moja na Mlima wa Nyungwe

Mama mmoja wa Kamembe, mfanyabiashara wa vitenge, ametuandikia kuomba shauri. Ameweka akiba miaka mingi katika ikimina, na sasa ameonyeshwa gari dogo lililotumika, lililotoka Ulaya, lenye injini ya petroli ya silinda tatu, lita moja tu, iliyofungwa turbo. Mumewe amekataa katakata. Asema injini hiyo ni ya cherehani, wala haitapanda msitu wa Nyungwe ikiwa na watu watano na mizigo yao. Mama ataka kujua ni nani kati yao asemaye kweli.

Kwa habari ya mlima, bwana amekosea. Wilaya ya Rusizi ni ya mabonde na milima. Kando ya mto Rusizi, upande wa Bugarama, ndiko kuliko chini kuliko pote nchini Rwanda, yapata mita 950 juu ya usawa wa bahari. Lakini ukishika barabara ya Huye, ukaiacha Gisakura nyuma, utafika mahali msituni panapozidi mita 2,400. Huko juu kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Injini huhitaji hewa ili ichome petroli. Hewa ikipungua, nguvu nazo hupungua. Kwa hiyo injini isiyo na turbo, hata ikiwa kubwa, hufika juu ikiwa imepoteza karibu robo ya nguvu zake.

Turbo ni mapangaboi mawili yaliyofungwa katika mhimili mmoja. La kwanza huzungushwa na moshi uendao kwenye ekzozi, na la pili husukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, mhimili huzunguka kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Mswisi Alfred Büchi alipewa hataza ya jambo hili mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege iitwayo Liberty juu ya mlima Pikes Peak, kwenye mita zaidi ya 4,200, akaonyesha kwamba kwa turbo yaweza kutoa huko nguvu zile zile ilizozitoa bondeni. Basi chombo hiki tangu utoto wake kimejaribiwa milimani.

Tazama na hesabu zenyewe. Injini ya Volkswagen ya silinda tatu iitwayo 1.0 TSI ina sentimita za ujazo 999. Iko yenye farasi 95, na iko yenye farasi 115. Hii ya pili hutoa nguvu ya kuzungusha ya niutoni-mita 200, nayo huanza kuitoa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Injini ya zamani ya lita 1.6 ya kampuni hiyo hiyo, isiyo na turbo, hutoa kama 150, tena mpaka uikanyage kuelekea mizunguko 4,000. (Volkswagen walifungua kiwanda cha kuunganishia magari mjini Kigali mwezi Juni 2018, na Polo ni miongoni mwa magari yaliyounganishwa hapo. Lakini mtu asidhani kwamba kila Polo lina turbo. Maandishi ya injini na yasomwe.)

Kwa habari ya kudumu, hapo bwana ana haki ya kusitasita. Mhimili wa turbo waweza kuzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika, karibu na moshi wenye joto la digrii 900 na zaidi, na kinachouzuia usisagike ni utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa, turbo hufa kwanza. Watengenezaji wa Ulaya huruhusu baadhi ya magari yao kwenda hadi kilomita 30,000 kwa oili moja, na muda huo walipangiwa wasafirio kwenye barabara kuu tambarare. Kwa mtu wa Rusizi, apandaye na kushuka kila juma, kilomita 10,000 ziwe ndio mwisho, na mimi ningebadilisha kabla ya hapo.

Jambo kubwa kuliko yote, ambalo wauzaji hawalisemi, ni kile kiunganishacho krenki na kamshafti. Suzuki, katika injini yao ya Boosterjet ya lita moja, wametia cheni. Volkswagen, katika 1.0 TSI, wametia mkanda mkavu. Lakini Ford katika EcoBoost ya lita moja ya miaka ya mwanzo, na Peugeot na Citroën katika PureTech ya lita 1.2, walitia mkanda uzungukao ndani ya oili. Mkanda huo ukilowa oili chafu huvimba na kumong'onyoka; vipande vyake huziba chujio la pampu ya oili, na injini nzima hukauka. Mwishoni mwa mwaka 2023 Ford waliyaita magari zaidi ya laki moja nchini Marekani kwa ajili ya hitilafu ya mkanda uendeshao pampu ya oili. Mwaka 2024 Stellantis, wenye Peugeot na Citroën, waliongeza dhamana ya PureTech barani Ulaya hadi miaka 10 au kilomita 175,000, kwa sharti kwamba gari liwe limetunzwa ipasavyo. Gari lililofika Kamembe bila kitabu cha matengenezo halitafaidi dhamana hiyo.

Uendeshaji nao una neno. Madereva wetu hupenda kupanda kwa gia kubwa na mizunguko midogo, wakidhani waokoa petroli. Katika injini hizi mafuta yaweza kuwaka kabla ya wakati, na kishindo chake huvunja pistoni. Shusha gia, uache injini izunguke. Nunua oili yenye herufi API SP, daraja lililoanza mwaka 2020 na lililowekwa pia kwa ajili ya kuzuia ugonjwa huo, ikiwa yapatana na kitabu cha gari. Na ukisimama Uwinka baada ya mwinuko mrefu, usizime papo hapo. Acha injini ingurume dakika moja hivi.

Basi mama, kabla ya kutoa hata faranga moja, uliza jina kamili la injini. Ikiwa ni ya mkanda wa ndani ya oili, fundi aukague mkanda huo kwanza. Na muuzaji akikataa, mrudishie ufunguo wake. Ikiwa ni ya cheni au ya mkanda mkavu, fundi aiwashe asubuhi ikiwa baridi, asikilize kama cheni yagonga, atazame kama moshi ni wa buluu, kisha afungue bomba la hewa litokalo kwenye turbo aone kama limejaa oili. Kama hakuna karatasi ya kuonyesha oili ilibadilishwa lini, toa katika bei gharama ya turbo nyingine.