Kaliba Haiui

Marufuku ya Mei 1977 iliwanyang'anya wawindaji wa Kenya vibali vyao, ila kuna imani yao moja ambayo haikuigusa, nayo imerithishwa hadi kwa vijana wa Noonkopir ambao hawajawahi kumwona mtu akiwinda kihalali. Imani yenyewe ni kwamba mnyama huuawa na ukubwa wa bunduki, yaani kaliba, upana wa tundu la mtutu wake. Mtutu mwembamba ni wa kufukuzia nyani shambani, mtutu mnene ndio wa kuangusha. Utaisikia kwa wazee wanaokumbuka jinsi tambarare za Kitengela na Kaputiei zilivyofunikwa na nyumbu, utaisikia kwa wenye leseni za bastola Nairobi, na utaisikia kwenye baraza la chifu kila simba anapovunja boma na watu wakadai serikali ilete silaha nzito. Ng'ambo ya Namanga, ambako uwindaji bado ni halali kwa mwenye kibali, imani hiyo hiyo humfanya mtu abebe bunduki ya nyati kwenda kumpiga swala. Imekosea tangu msingi wake, na tambarare hizi hizi za Athi na Kaputiei zina ushahidi mzuri kuliko wowote dhidi yake.

Tuanze na kifo chenyewe. Swala aliyepigwa vizuri hafi kwa kishindo. Hufa kwa sababu ubongo umekosa damu: tundu limepita kwenye moyo, au kwenye mapafu yote mawili, au kwenye mishipa mikuu iliyo juu ya moyo, na shinikizo la damu likaporomoka ndani ya sekunde chache. Njia nyingine ya haraka ni kuharibu ubongo wenyewe au uti wa mgongo. Ya tatu hakuna. Mnyama aliyepigwa tumboni, hata kwa risasi nene kama kidole gumba, anaweza kukimbia hadi apotee machoni, akafe kesho yake kwa uchungu mahali ambapo aliyempiga hatafika. Wamaasai hawahitaji kufundishwa somo hili. Mkuki wenye uzito wa kilo moja hivi, ukirushwa kwa nguvu ya mkono wa binadamu, hubeba nishati ya jouli mia moja na kitu, pengine mia mbili, yaani kiasi cha risasi ndogo ya .22 ambayo hakuna mwenye akili angemwelekezea simba. Hata hivyo Juni 2012, baada ya mbuzi kuuawa Ilmasin, hapa Kitengela, simba sita waliuawa kwa mikuki. Kitendo hicho kilikuwa msiba kwa uhifadhi, na sikitaji ili kukisifu. Ila kama jouli ndizo zinazoua, kisingewezekana. Kilichoua ni chuma kirefu chenye makali kilichofika ndani na kukata. Bunduki hufanya kazi ile ile kutoka mbali zaidi, na swali la kuiuliza halibadiliki: itafika wapi, na ikifika itakata nini?

Wanaoamini ukubwa hujibu kwamba wamemwona mnyama kwa macho yao akitupwa chini. Hapo hesabu ya shule ya sekondari inatosha. Kichwa cha risasi ya kawaida ya .30-06 kina gramu 11.7, na hutoka mtutuni kwa mita 820 hivi kwa sekunde. Hata msukumo wake wote ukibaki ndani ya pofu dume wa kilo 600, utamsogeza kwa mwendo wa sentimita 1.6 kwa sekunde. Kobe humpita. Ukichukua .375 Holland & Holland, bunduki ambayo watu huitaja kwa sauti ya heshima, utafikia sentimita mbili na nusu. Isitoshe, msukumo huo huo ndio unaorudi nyuma begani kwa mpigaji, kwa hiyo risasi yenye uwezo wa kumtupa pofu ingekuwa imekwisha kumtupa mwenye bunduki. Mnyama anayeanguka papo hapo amevunjwa mfupa unaombeba, au ameguswa mishipa ya fahamu. Ni kweli kwamba risasi ya kasi kubwa hutanua nyama inamopita na kupasua eneo pana kuliko kipenyo chake. Lakini hilo hutokana na kasi na jinsi kichwa kinavyochanuka, na bunduki nyembamba inaweza kuwa navyo vyote viwili zaidi kuliko nene.

Sasa turudi tambarareni. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, wiki chache baada ya kuondoka Ikulu ya Marekani, alishuka treni stesheni ya Kapiti akiwa na bunduki tatu zilizopangwa kwa ngazi ya ukubwa: Springfield ya kijeshi ya .30, Winchester ya .405 aliyoitegemea kwa simba, na Holland & Holland ya mitutu miwili ya .500/.450 kwa tembo na kifaru. Kwa hesabu yake mwenyewe, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Macho yake yalikuwa mabovu na hakuficha kwamba alikosa mara nyingi, wala bunduki kubwa haikumwokoa na macho hayo. Mwenyeji wake wa kwanza huko alikuwa Sir Alfred Pease, mwenye shamba la Kitanga. Miaka miwili isiyotimia baadaye, mgeni mwingine aliyekuwa akiwinda pamoja na Pease, George Grey, ndugu wa Sir Edward Grey aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alimkimbiza simba kwa farasi akiwa na .280 Ross. Bunduki hiyo ilikuwa mpya na ikisifiwa kila mahali kwa kasi yake ya karibu mita 900 kwa sekunde. Simba akamgeukia. Grey alimpiga kutoka karibu sana, risasi zikampata, zikapasukia kwenye misuli ya nje bila kufika ndani ya kutosha, na simba akamfikia. Alifia Nairobi Februari 1911.

Kisa cha Grey kilisimuliwa kwa miongo mingi kama hoja ya mtutu mnene, na hata leo kuna wanaokitumia hivyo. Wanasahau jirani yake wa wakati ule. Miaka michache kabla ya hapo, Karamoja na maeneo ya kaskazini mwa Uganda, Mskoti aitwaye Walter Bell alikuwa akiwinda tembo kwa ajili ya pembe. Aliua zaidi ya elfu moja maishani mwake, na wengi wao aliwaua kwa Mauser ya 7x57. Linganisha bunduki hizo mbili. Vichwa vya risasi zake vinapishana upana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona. Ile ya Bell ilikuwa ya polepole, mita 700 hivi kwa sekunde, na ilibeba jouli chache kuliko ile ya Ross. Ya polepole ilipenya fuvu la tembo. Ya kasi ilishindwa na misuli ya simba. Kaliba ni ile ile, na nguvu inaelekea upande usiotarajiwa, kwa hiyo sababu lazima itafutwe kwingine, nayo haijajificha. Kichwa cha Bell kilikuwa cha gramu 11.2, kirefu, cha ncha ya mviringo, kimevikwa ganda gumu lisilochanuka. Cha Grey kilikuwa chepesi na kimetengenezwa kipasuke. Zaidi ya hayo, Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi ukiutazama kutoka kila upande, kazi ambayo wauzaji wa bunduki nene hawakuwahi kuipendekeza kwa wateja wao.

Najua pingamizi linalofuata, na ni zito. Bell alikuwa mlengaji wa ajabu, tembo wa siku zake hawakuwa wamezoea bunduki, na wengi walioiga mfano wake walilipia kwa maisha yao au waliacha tembo wengi wakiwa na majeraha. Yote ni kweli. Ndiyo maana sheria za uwindaji za nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zinataka .375 kwenda juu kwa wanyama hatari, na sina ugomvi nazo. Nyati anayekuja mbio kutoka hatua ishirini hampi mtu nafasi ya kuchagua pembe ya kupiga. Hapo kichwa kizito kinachopenya mfupa mnene kutoka upande wowote ni akiba dhidi ya kosa. Lakini angalia sheria hiyo inamhusu nani: mnyama anayeweza kukurudia. Swala tomi ana kilo ishirini na kitu na hajawahi kumrudia mtu. Kulihamishia kwake sharti la nyati ni kuvaa gamboti za mafuriko kwenda kuoga. Ukimpiga tomi kwa risasi ngumu ya .375 iliyotengenezwa kwa nyati, itapita mbavuni kabla haijapata sababu ya kuchanuka, itaacha tundu jembamba, na huenda mnyama akakimbia umbali mrefu kuliko ambavyo angekimbia kwa .243 yenye kichwa laini.

Hapo ndipo uchaguzi wa risasi unapokuwa kazi ya akili. Kwa tomi, granti na swala pala, ambao mbavu zao ni nyepesi, kinachotakiwa ni kichwa kinachochanuka upesi, na .243 au 6.5 inatosha. Kwa kongoni na nyumbu, walio na mabega magumu na sifa ya kukataa kufa, kichwa kile kile laini kinaweza kusambaratika kwenye mfupa kama cha Grey. Hapo unataka 7x57, .308 au .30-06 yenye kichwa kizito kilichofungwa barabara, kinachochanuka lakini kikabaki kipande kimoja. Pofu anataka zaidi, ila bado zaidi ya kupenya, kwa hiyo bunduki hizo hizo zinaweza kumfaa mradi kichwa kibadilishwe na mpigaji asubiri asimame ubavu. Bunduki moja ya wastani yenye risasi za aina mbili ingetosheleza karibu kila mnyama wa nyasi kati ya Athi na Amboseli. Ya mtutu mnene inaongeza teke begani, na teke lina madhara yasiyosemwa: mtu akishaumia mara kadhaa hufumba macho na kuvuta kilimi kwa pupa, risasi inakwenda tumboni, kisha anarudi dukani kutafuta kaliba kubwa zaidi.

Nchi zilizofikiri sana kuhusu kulungu zimeandika haya katika sheria. Uingereza na Wales, Sheria ya Kulungu ya 1991 inataka mtutu usiopungua inchi .240, na pamoja na hilo inataka risasi inayochanuka. Ajabu ni kwamba risasi hiyo ndiyo ile mataifa yaliyokutana The Hague mwaka 1899 yalikubaliana isitumike vitani. Ujerumani inapima nguvu ya risasi ikiwa imeshafika mita 100: jouli 1,000 kwa paa wao mdogo, na 2,000 kwa wanyama wakubwa wa kwato, pamoja na kipenyo cha milimita 6.5. Milimita 6.5! Shabiki wa mitutu minene wa huku angeicheka.

Itaulizwa haya yana maana gani katika nchi isiyoruhusu kuwinda. Yana maana kwa sababu Kenya haijaacha kupiga wanyama risasi. Imeacha tu kujadili inawapiga kwa nini na vipi. Machi 2016 simba Mohawk alipouawa na askari wa wanyamapori Isinya, nchi nzima iliuliza kwa nini hakudungwa dawa ya usingizi, swali la haki kabisa. Sikusikia likifuatiwa na swali la aina ya risasi. Bunduki za kijeshi hupewa askari ili wakabiliane na majangili wenye silaha, na risasi zake zimevikwa ganda gumu kwa sababu ya makubaliano yale ya The Hague. Zikielekezwa kwa mnyama, mara nyingi hupita tu, na kazi iliyopaswa kuisha kwa pigo moja ikahitaji mengi. Anayedai silaha nzito zaidi baada ya tukio kama hilo anaomba kitu ambacho hakikukosekana. Kilichokosekana ni sanduku dogo la risasi zinazochanuka na askari mmoja katika kila kituo aliyefunzwa kuzitumia.

Vilevile, mjadala wa uvunaji wa wanyamapori hauzikiki. David Hopcraft alivuna swala na kongoni kwenye ranchi yake ya Athi River tangu miaka ya 1980, na mpango wa majaribio wa serikali uliendelea kwenye mashamba kadhaa hadi ulipositishwa 2003, nyama ikiuzwa mikahawani Nairobi. Siungi mkono wala kupinga urejeshwaji wake hapa. Nyumbu wa Kaputiei wameporomoka kutoka zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi elfu chache, hasa kwa sababu ya ua na viwanja, na hilo lina mjadala wake. Ila endapo siku moja nyama hiyo itarudi sokoni, risasi itakuwa suala la afya pia. Kichwa cha madini ya risasi kinachopasuka hutawanya chembe za sumu mbali na tundu lenyewe, ndani ya nyama tunayokula na ndani ya matumbo ambayo tai hugombania. California ilipiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, kwa ajili ya tai wake wakubwa. Vichwa vya shaba tupu vimekuwa sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, vinachanuka na kubaki kipande kimoja, na tai wetu wana taabu za kutosha tayari.

Norwei humtaka kila mwindaji wa wanyama wakubwa apige risasi 30 za mazoezi kila mwaka, kisha tano za mtihani kwenye picha ya mnyama iliyo mita 100, zote zikae kwenye eneo la moyo na mapafu. Asiyefaulu hawindi mwaka huo, hata awe na bunduki ya bei gani. Huku kwetu fomu ya maombi ya leseni huuliza silaha ni ya aina gani, na mtihani kama ule unaweza kufanyika Kajiado kwa gharama ya karatasi, mti wa kuibandika, na mchana mmoja.