Kompyuta Moja, Bei Mbili

Mzazi wa Nairobi na mzazi wa Dar es Salaam waweza kumnunulia mtoto kompyuta mpakato ya aina moja, iliyoundwa Uchina na kuuzwa kwa wafanyabiashara kwa dola. Nchi zote mbili zimo katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005. Mbona basi bei hazikupanda sawa?

Tutazame thamani ya fedha. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ilikaribia 160. Kompyuta ya dola 500 ilitoka shilingi 56,500 hadi karibu 80,000, hata kama kiwanda hakikuongeza senti moja. Tanzania, katika muda huohuo, dola ilitoka takriban shilingi 2,300 hadi 2,500. Kompyuta ileile ikatoka 1,150,000 hadi 1,250,000. Kenya bei ilizidi kwa zaidi ya thuluthi moja, Tanzania kwa chini ya sehemu moja ya kumi.

Shilingi ya Kenya haikudhoofika bila sababu. Riba ilipanda Marekani, na wakopeshaji waliingiwa na hofu juu ya deni la dola bilioni 2 lililopaswa kulipwa Juni 2024. Serikali ilipopata mkopo mpya Februari 2024, hofu ilipungua, na dola ikashuka hadi karibu shilingi 130. Hivyo deni ambalo mwananchi hakuulizwa lilimfuata mpaka dukani.

Kodi nayo iliongeza mzigo. Asilimia 16 ya 56,500 ni shilingi 9,040; asilimia 16 ya 80,000 ni 12,800. Kiwango hakikubadilishwa na Bunge, lakini mzazi alilipa zaidi.

Twakiri kwamba mfanyabiashara aliyenunua mali dola ikiwa ghali hawezi kuiuza kwa hasara. Lakini mali hiyo ikiisha, hana udhuru: bei iliyopanda na dola yapasa ishuke nayo. Serikali nazo, zinapokopa kwa dola, ziwaeleze wananchi mapema nani atabeba mzigo fedha ikidhoofika, na zipunguze kodi ya vifaa vya elimu wakati huo. Mtoto anayekosa kompyuta leo hatangoja soko litulie. Masomo yake yanampita. Kumwachia yeye gharama ya maamuzi ya wakubwa si haki, na sisi hatuwezi kulinyamazia jambo hilo.