Daftari la wiki: Wanaotaka kufunga

Namba moja imekataa kutoka kichwani wiki hii: 10,384. Ndio watu wazima waliobatizwa Ufaransa kwenye Pasaka ya 2025, ongezeko la asilimia 45 kwa mwaka mmoja tu, na zaidi ya theluthi moja ni vijana wa miaka 18 hadi 25. Tusishangilie kupita kiasi. Ubatizo wa watoto wachanga huko umeporomoka, na baadhi ya hawa wanaingia kisimani ukubwani kwa kuwa wazazi hawakuwapeleka utotoni.

*

Kila Pentekoste maelfu ya vijana wa Ufaransa hutembea siku tatu, kilomita kama 100, kutoka Paris hadi kanisa kuu la Chartres, mabango mkononi, Misa ya Kilatini kwa utaratibu wa zamani. Mwaka 2021 Papa Francis aliibana Misa hiyo kwa barua yake Traditionis Custodes. Msafara ukazidi kurefuka. Sidhani kama wote wanajali ugomvi wa liturujia. Wamekulia mahali ambapo kila duka na kila simu vinawabembeleza, na hapa wamekuta mtu anayewaambia piga goti, funga, kaungame. Sisi wazee tulidhani tutawavuta kwa magitaa.

*

Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu, inayofungua mfungo wa Kwaresima, ikaangukia tarehe 5. Wapo vijana wa Ufaransa wanaosema waliingiwa na hamu ya kufunga baada ya kuwaona wenzao Waislamu wakifunga shuleni. Mkristo wa Tanga asingehitaji kusimuliwa hilo. Ameonja futari ya jirani tangu yupo chekechea.

*

Mapadri wa Roho Mtakatifu walitoka Ufaransa wakafungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Siku hizi mkondo umegeuka: katika parokia nyingi za vijijini Ufaransa, anayesoma Misa ni padri wa Congo au Benin.

*

Kwa hawa wanaojiandaa kubatizwa, kazi ngumu iko kwenye mafundisho ya ndoa. Wapo wanaokuja wakiwa tayari wanaishi na wachumba, na katekista hawezi kuliruka somo hilo, wala kulitupa kama jiwe. Safari ya ukatekumeni huchukua mwaka hata miwili. Humo ndimo mambo hayo yanamozungumzwa, ofisini kwa padri, pasipo kamera. Maaskofu wa Paris na majimbo jirani wametangaza mtaguso wa kanda kuhusu hawa wapya: nani atawashika mkono Jumapili zile za kawaida, baada ya Mkesha wa Pasaka kupita.