Chipu iko Luthuli, wewe uko Kitale: anza bila hiyo

Ukitaja "draiva" kwenye stendi ya Kitale, watu watageuka kumtafuta jamaa wa matatu ya Bungoma. Draiva ninayoizungumzia hapa ni kijiprogramu kinachokaa kati ya kompyuta na chipu na kuziwezesha kuelewana. Bila hicho, kihisi joto ulichounganisha kwa waya ni kipande cha plastiki tu.

Siku hizi chipu ni siasa. Mei 2024, Rais Ruto alipozuru Washington, Marekani ilitangaza nia ya kuifanya Kenya nchi ya kwanza Afrika kunufaika na mfuko ulioundwa chini ya sheria yao ya chipu ya 2022. Nyeri nako kuna kampuni ya Semiconductor Technologies katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Poa sana. Lakini wewe unayesomea kompyuta Kibabii au Kitale National Polytechnic huna haja ya kungojea kiwanda. Chipu yoyote, itoke Nyeri au Taiwan, lazima mtu aiandikie draiva, na kazi hiyo unaweza kuianza kwa laptopu ya mtumba, hata kabla hujaishika chipu yenyewe.

Inawezekanaje? Draiva haiioni chipu. Inachokijua ni rejista, yaani visanduku vidogo vya namba ambavyo inavisoma na kuviandikia. Ukiunda programu inayojibu jinsi chipu ingejibu, draiva haitatambua tofauti. Programu hiyo ndiyo emuleta. QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, huiga kompyuta nzima na haiuzwi; emuleta ya Android ambayo huenda umejaribia app yako imejengwa juu yake. Ndani ya QEMU mna kihisi joto cha kuigiza, TMP105, na draiva yake imo kwenye Linux.

Sasa fikiria friji ya chanjo katika zahanati moja huko mashinani Bungoma. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na baadhi zikiganda zimeharibika. Kwa hivyo kifaa cha kupima lazima kisome vizuri joto likishuka chini ya sifuri. Hapo ndipo draiva nyingi za wanaoanza huteleza: nyuzi -5 huhifadhiwa kwenye baiti kama 251, na draiva iliyoandikwa ovyo hutangaza 251 bila aibu. Muuguzi akiona namba hiyo atadhani kifaa kimeharibika, akizime, huku chanjo zinaganda.

Ungeligunduaje kosa hilo ukiwa Kitale? Mji wetu una baridi, sawa, lakini si ya kugandisha maji. Ungehitaji friza, na uombe stima isipotee. Kwenye QEMU unaandika amri moja tu, joto linashuka hadi -5, unaangalia draiva imesema nini. Unapandisha hadi 60, unarudia. Ukikosea, hakuna kitu kinachoungua. Kwa chipu halisi, waya mmoja ukienda pasipofaa, unarudi kuagiza nyingine kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, na nauli ya kifurushi juu.

Lakini usilewe. Emuleta hujua tu kile aliyeiandika alikijua. Haina waya uliolegea, haina kutu, na kasoro ambazo watengenezaji hukiri baadaye kuhusu chipu zao mara nyingi hazimo. Noma zaidi ni pale wewe mwenyewe unapoandika draiva na emuleta pia. Tuseme chipu hutuma baiti kubwa kwanza, nawe umesoma vibaya ukadhani ni ndogo. Emuleta yako itakosea vilevile, draiva itakubaliana nayo, na jaribio litapita vizuri kabisa! Ndiyo maana emuleta aiandike mwenzako, akisoma karatasi ya maelezo ya chipu peke yake, bila kuchungulia kodi yako.

Kwa vyuo vyetu hii ni hesabu ya pesa. Darasa la watu 40 halihitaji vihisi 40 siku ya kwanza. Linahitaji laptopu, bando la kupakua QEMU mara moja na kuigawa kwa flashi, halafu kihisi kimoja au viwili halisi vya kushikwa na yule ambaye draiva yake imeshapita kwenye emuleta, ikiwemo ile -5.