Maoni: Maharamia wanakamatwa baharini, lakini wanazaliwa nchi kavu

Bandari za Mombasa na Dar es Salaam ziko mbali na Goma, Bukavu, Uvira na Bunia, lakini kila familia ya mashariki mwa Congo inakula kutoka huko. Mchele, sukari, mafuta ya kupikia, mafuta ya gari, dawa, nguo za mitumba: sehemu kubwa inashuka melini, inapanda malori na kuvuka nchi za jirani hadi kwenye mipaka ya Congo. Sehemu ya chakula ambacho shirika la PAM linagawia wahami wa vita inapita njia hiyo hiyo. Ndiyo maana kijana mwenye bunduki kwenye boti ndogo karibu na Somalia, hata kama hajawahi kusikia jina la Masisi wala Fizi, anaweza kugusa sufuria ya mama aliyekimbia kutoka huko.

Si maneno ya kutisha watu. Mwezi wa 6 mwaka 2005, meli ya Semlow iliyokuwa imekodishwa na PAM ilitoka Mombasa na karibu tani 850 za mchele kwa ajili ya Wasomali waliokumbwa na tsunami. Maharamia waliiteka. Mabaharia wake, wengi wao Wakenya, walishikiliwa kwa miezi. Tarehe 25 mwezi wa 9 mwaka 2008 ilitekwa meli ya Faina, iliyokuwa inaelekea Mombasa na vifaru 33 ndani yake. Mwezi wa 11 mwaka huo huo ikawa zamu ya Sirius Star, meli kubwa ya mafuta ya Saudi Arabia, iliyotekwa zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Na mwezi wa 4 mwaka 2009 maharamia walipanda Maersk Alabama, meli ya Marekani iliyokuwa inaleta chakula cha msaada Mombasa. Wamarekani walimwokoa nahodha wake baada ya kuua maharamia watatu kwa risasi.

Dunia ilijibu kwa manowari. Mwaka 2008 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliruhusu meli za kivita za nchi za kigeni kuingia katika maji ya Somalia, serikali ya mpito ya huko ikiwa imekubali. Tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka huo Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni Atalanta, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusindikiza meli za PAM. OTAN ikaja na operesheni yake. Marekani na washirika wake wakaunda kikosi chao. China, India, Urusi na Japani nazo zikatuma meli zao.

Je, kazi hiyo ilizaa matunda? Ndiyo, na hakuna sababu ya kuificha. Ofisi ya kimataifa inayofuatilia uharamia, IMB, ilihesabu meli 49 zilizotekwa na maharamia wa Somalia mwaka 2010. Mwaka 2011 ilihesabu mashambulizi 237, na meli 28 zilizotekwa. Mwaka 2012 mashambulizi yalishuka hadi 75. Mwaka 2013 yalibaki 15 tu. Mtu anayesema kwamba manowari hazikufanya kitu anadharau mabaharia waliorudi nyumbani salama na chakula kilichofika kwa wenye njaa.

Lakini anayesema kwamba manowari peke yake ndizo zilizofanya kazi hiyo naye anakosea, na kosa lake ni la hatari zaidi, kwa sababu linafundisha viongozi kwamba kila tatizo la usalama linamalizwa kwa kuongeza askari.

Bahari ya Hindi ni pana mno. Maharamia walitumia boti ndogo za injini, ngazi na bunduki, na nyuma yao meli mama iliyobeba mafuta na chakula. Kutoka wakati boti inaonekana hadi watu wanapanda juu ya meli, dakika chache zinatosha. Manowari iliyo mbali inafika wakati mateka wamekwisha kushikwa, na kutoka hapo hawezi mtu kupiga risasi ovyo. Kwa hiyo wenye meli nao walijilinda. Walizungusha seng'enge pembeni, wakaongeza mwendo, wakaweka walinzi wenye silaha ndani. Hilo lilipunguza utekaji kwa kiasi kikubwa.

Halafu kuna kazi iliyofanywa nchi kavu, ambayo haikupigwa picha sana. Meli ya Iceberg 1 ilitekwa mwezi wa 3 mwaka 2010. Mabaharia wake walikaa mikononi mwa maharamia karibu miaka mitatu, wakati bahari ile imejaa manowari za mataifa tajiri. Walioweka mwisho wa mateso hayo, mwezi wa 12 mwaka 2012, walikuwa polisi wa bahari wa Puntland, watu wa eneo hilo hilo la Somalia.

Na Mohamed Abdi Hassan, aliyejulikana kwa jina la Afweyne, mmoja wa wakubwa wa uharamia wa Somalia, hakukamatwa na manowari. Polisi ya Ubelgiji ilimvuta kwa ujanja: aliambiwa kwamba kuna watu wanataka kutengeneza filamu juu ya maisha yake. Mwezi wa 10 mwaka 2013 aliposhuka kwenye uwanja wa ndege wa Brussels, alitiwa pingu. Mwaka 2016 mahakama ya Ubelgiji ilimhukumu miaka 20 jela.

Habari hiyo inaonyesha mahali pesa zilipokuwa zinakaa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013, ambao Benki ya Dunia ilishiriki, ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2005 na 2012 maharamia wa Somalia na wale waliowafadhili walipokea kati ya dola milioni 339 na milioni 413 za kukomboa meli. Vijana wa kwenye boti ndio waliokufa maji au kupigwa risasi. Kipande kikubwa kilichukuliwa na watu wasiolowa maji hata kidogo: waliotoa pesa za injini na silaha, wakasubiri mgao wao mjini.

Manowari inaweza kumkamata yule wa kwenye boti. Haiwezi kumkamata mfadhili aliyeketi nyumbani kwake. Huyo anakamatwa na polisi anayefuata nyayo za pesa na hakimu asiyenunuliwa.

Hata yule wa kwenye boti, mara nyingi alikamatwa na kuachiwa. Nchi nyingi zilizotuma manowari hazikutaka kupeleka washukiwa mbele ya mahakama zao. Walinyang'anywa silaha, wakapewa chakula na mafuta, wakaambiwa warudi kwao. Kenya ilijitolea kuwahukumu wengine Mombasa, na Ushelisheli pia. Lakini mwaka 2010 Kenya yenyewe ililalamika kwamba imeachiwa mzigo mkubwa peke yake.

Mfano wa upande wa pili wa Afrika uko wazi zaidi. Upande huo ndio ambako Congo ina pwani yake ndogo, Banana na Muanda. Mwaka 2020 Ghuba ya Guinea ilikuwa mahali pabaya kuliko pote duniani kwa mabaharia: kati ya 135 waliotekwa nyara duniani, 130 walitekwa huko. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 2021, manowari ya Denmark iitwayo Esbern Snare ilipambana na maharamia kusini mwa Nigeria. Wanne waliuawa kwa risasi. Wengine wanne walikamatwa, mmoja wao akiwa na jeraha kubwa. Ikaonekana hakuna nchi ya karibu inayotaka kuwahukumu. Mwezi wa 1 mwaka 2022, watatu wasiokuwa na jeraha waliwekwa kwenye boti ndogo na kuachiwa huru. Yule aliyejeruhiwa alipelekwa Denmark, kwa sababu hali yake haikuruhusu kumwacha baharini.

Kuna picha gani iliyo wazi kuliko hiyo? Meli ya mamilioni ya dola, wanajeshi waliofundishwa vizuri, risasi, maiti, na mwisho wake watu watatu kwenye boti wakirudi walikotoka, bila hakimu kuuliza nani aliwatuma. Aliyewatuma hakupoteza kitu isipokuwa boti moja.

India imeonyesha njia nyingine. Mwezi wa 12 mwaka 2023, dunia ikiwa inaangalia mashambulizi ya Wahuthi katika Bahari ya Shamu, maharamia wa Somalia waliteka meli ya Ruen. Ulikuwa utekaji wao wa kwanza wa meli kubwa ya biashara tangu mwaka 2017. Tarehe 16 mwezi wa 3 mwaka 2024 jeshi la maji la India liliikomboa. Mabaharia 17 walitoka wazima na maharamia 35 walijisalimisha. Lakini jambo kubwa lilikuja baadaye: wote 35 walipelekwa Mumbai na kukabidhiwa polisi. India ilikuwa imekwisha kuandika sheria yake dhidi ya uharamia mwaka 2022. Manowari ilikuwa na mahali pa kuwapeleka.

Swali linabaki: kwa nini vijana wa Somalia walirudi baharini mara tu ulinzi ulipolegea? Serikali ya nchi yao ilianguka mwaka 1991. Kuanzia hapo meli kubwa za kigeni ziliingia kuvua samaki bila ruhusa wala aibu, wavuvi wadogo wakabaki na nyavu tupu. Wengine walianza kwa kusema wanalinda bahari yao. Baadaye ikawa biashara ya kuteka watu. Njaa haimpi mtu haki ya kumshika baharia maskini wa Bangladesh, Ufilipino au Kenya, ambaye naye alikuwa anatafutia watoto wake chakula. Lakini kama samaki wanaendelea kuibwa na vijana hawana kazi, wafadhili hawatakosa watu wa kupanda boti.

Watu wa Kivu na Ituri hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwani wanaliishi. Baharia wa Iceberg 1 na mkulima anayetekwa nyara akielekea shambani wako katika biashara moja: mtu anageuzwa bidhaa, familia inauza mbuzi na shamba ili kumkomboa. Meli zilizosindikizwa na manowari ni sawa na misafara ya magari inayosindikizwa na jeshi. Mwezi wa 9 mwaka 2021, msafara uliokuwa na ulinzi wa jeshi kwenye barabara kati ya Beni na Komanda ulishambuliwa, raia wakauawa na magari kuchomwa moto. Na kwenye ziwa Tanganyika, wavuvi wanajua maana ya kuporwa injini na nyavu usiku.

Kila mara jibu linalosikika kwanza ni moja: waongezwe askari. Ni kweli, askari wanahitajika. Mama anayekwenda sokoni hawezi kungoja mpaka maendeleo yafike ndipo apite barabarani. Lakini raia wakiomba askari peke yake, watapewa askari peke yake, na siku askari wakiondoka watekaji watarudi, kama maharamia walivyorudi mwaka 2023.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ambayo mashirika ya kiraia, viongozi wa wahami na wachaguliwa wanapaswa kuuliza kila wakati operesheni mpya inapotangazwa. La kwanza: waliokamatwa wanapelekwa wapi, na kesi itafanyika lini mbele ya watu? Mtekaji anayeonekana tena kijijini baada ya wiki mbili anafundisha vijana kwamba kazi hiyo haina hatari. La pili: pesa za kukomboa watu zinapita kwa nani, kwenye simu ya nani, na nani anauza silaha? Bila kufuata pesa, Afweyne wa Congo ataendelea kukaa kwa amani. La tatu: kijana anayeacha bunduki anapata nini mkononi? Programu ya P-DDRCS iliundwa mwaka 2021 kwa ajili ya kuwapokonya silaha wapiganaji na kuwarudisha katika maisha ya raia. Kijana akipewa ahadi tu, bila jembe, bila wavu, bila cherehani, anajua njia ya kurudi porini.

Manowari zilizosindikiza mchele wa PAM zilifanya jambo jema, na mtu aliyekula mchele ule hawezi kusema vingine. Lakini zilisindikiza kwa miaka mingi, kwa gharama kubwa, kwa sababu kazi ya nchi kavu ilichelewa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Somalia ilifika kwenye ukuta, na ukuta huo unalindwa kwa zamu na meli za mataifa mengine. Mashariki mwa Congo kuna nyufa ambazo bado zinaweza kuzibwa na Wacongomani wenyewe: mahakama inayofanya kazi, mvuvi anayelindwa, kijana mwenye kazi. Wahami wanaongoja kurudi vijijini wana haki ya kudai hayo yote matatu pamoja na askari.